Silikanti wa Tanga na jarife la usiku

Mhariri,

Silikanti, samaki mkubwa wa kale wa kina kirefu, wa kwanza nilimwona Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, nikiwa bado mwanafunzi, amelazwa juu ya jamvi chini ya mnazi. Buluu yake ilikuwa imeshaanza kufifia kuwa kahawia, ila madoa meupe yalikuwepo, na mapezi yake yalikuwa na mashina ya nyama, mfano wa vigasha vya mtoto. Mzee aliyemvua akaniuliza, "Mwanangu, huyu ndiye mnayemtafuta? Nyama yake mafuta matupu, hailiki."

Dunia ilidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2004 nyavu za Tanga zikawa zinamtoa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Tatizo ni jarife, wavu wa kunasa papa. Mchana silikanti hukaa mapangoni, kina kirefu; usiku hutoka kuwinda. Jarife la papa nalo hutegwa jioni, kwenye mteremko uleule. Hakuna mvuvi anayemkusudia. Lakini utafiti uliochapishwa 2021, kwa kusoma magamba yake, ulionyesha kwamba anaweza kukaribia miaka 100, jike hukomaa akiwa na miaka zaidi ya 50, na mimba yake huchukua takriban miaka mitano. Ukimtoa jike mmoja baharini, pengo lake linadumu kizazi cha binadamu. Hili linaninyima usingizi.

Mwaka jana nahodha mmoja alinieleza kwamba walimpata, wakamkata na kumzamisha. "Tungemleta, tungeitwa majangili." Namwamini, kwa sababu mwenzake aliyepeleka kasa aliyenasa wavuni alishikiliwa ofisini kutwa nzima. Basi samaki akafa, na sisi hatukupata hata kipimo cha urefu wake wala mahali alipovuliwa.

Naomba wahusika watamke hadharani kwamba anayetoa taarifa ya silikanti aliyenasa kwa bahati mbaya hatakamatwa, na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani) ya kila kijiji ipewe daftari, futi na namba ya kupiga. Tena fedha za hifadhi ziwafikie wenye majarife kwanza, kabla ya mabango.

Yule mzee wa Kigombe ameshafariki. Mwanawe anavua na mashua ileile, jarife lake limejaa viraka. Ameniambia akipata mishipi na mashine ya boti, jarife analiacha.

Mwanaikolojia wa wanyamapori,
Tanga