Spika za harusi zilipita, mimi nikabaki mlangoni: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa makumbusho yetu

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu umenizidi umri, na nilikolelewa mtu hadai haki yake kabla hajasalimia. Jina la makumbusho sitalitaja. Ukisoma utajua. Mlinzi wako wa mlangoni naye atajua, maana ndiye niliyeshinda naye Jumamosi iliyopita kuanzia saa nne hadi saa saba kasorobo, mimi kwenye kiti mwendo changu, yeye kwenye kiti chake cha plastiki, tukijadili bei ya sukari.

Mimi ni mwalimu wa historia, mwaka wa 22 huu. Polio ilinikuta nikiwa na miaka minne. Jumamosi nilileta wanafunzi 41 wa kidato cha kwanza waone kwa macho yao yale ninayowachorea ubaoni. Tukalipa viingilio, changu kikiwemo, kamili, risiti ninayo. Wao wakapanda ngazi tatu za mlango wa mbele wakaingia. Ngazi tatu tu, Ndugu Mkurugenzi. Nilizipima kwa rula ya darasani: kila moja sentimita 15.

Vijana wako wa mapokezi, watoto wema sana, walijitolea kunibeba. Nikakataa. Mwaka juzi nilikubali, wakanibeba wanne kama jeneza, gauni likapanda hadi mapajani mbele ya wanafunzi wangu, na gurudumu moja likapinda. Fundi alinitoza elfu thelathini na tano. Gurudumu likanyooka. Ile aibu sijampata fundi wake.

Hayo nimeyazoea, wala nisingekuandikia kwa ajili yake. Kilichoninyima usingizi ni mbao. Kando ya zile ngazi palikuwa na mteremko wa mbao umeegeshwa ukutani, umeungwa vizuri, juu umepigiliwa vipande vya mpira ili magurudumu yasiteleze. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia mlinzi, "Kumbe mmeshatengeneza!" Akatazama chini. "Hapana, mwalimu. Huo wa mwenye muziki. Jana kulikuwa na harusi uani, ndipo walipopitishia spika. Anakuja kuuchukua saa nane."

Nikaomba uwekwe dakika tano tu, nipite. Akampigia msimamizi wa zamu. Jibu likarudi kwamba mali ya mtu haitumiki bila idhini ya mwenyewe, na mwenye kutoa idhini ya jambo kama hilo ni wewe, nawe ulikuwa safarini. Kwenye warsha, tuliambiwa. Sikuuliza warsha ya nini, niliogopa nisije nikaambiwa ni ya ujumuishi.

Naomba nikukumbushe, kwa heshima zote. Mwaka 2019 nilikuandikia nikajibiwa kuwa suala langu "limepokelewa na litafanyiwa kazi". Mwaka 2021, kwenye kikao cha wadau, ulisema kwa kinywa chako kwamba mteremko utajengwa kabla mwaka wa fedha haujaisha. Nilikuwepo, mstari wa mbele kabisa. Walinisogeza hapo ili nionekane kwenye picha. Mwaka 2023 tukaambiwa tuko kwenye mchakato. Mimi si mhasibu, lakini tangu siku ile miaka ya fedha imeisha mingapi?

Kuna siku sababu ilikuwa nyingine: jengo ni la kale, haliguswi. Hiyo naiheshimu, ndiyo kazi yangu. Lakini Acropolis ya Athens ina zaidi ya karne 24, na Wagiriki waliifungia lifti mwaka 2004 kwa ajili ya Paralimpiki, kisha wakafunga nyingine mpya mwaka 2020. Tena kwa nini twende Ugiriki? Beit al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, inatajwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa Afrika Mashariki kuwa na lifti. Na huo ukuta wako usioguswa umetobolewa kupitisha bomba la kiyoyozi cha ofisini kwako. Tundu linaonekana vizuri sana ukiwa umekaa nje masaa matatu.

Mimi lifti siombi. Mafundi wanasema mteremko unaofaa ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda iende sentimita 12 za urefu. Ngazi zako tatu ni sentimita 45. Zidisha: mita tano na sentimita 40. Kutoka ngazi ya chini hadi linapoegeshwa gari lako ni karibu mita tisa. Nafasi ipo. Nadhani, na kama nakosea nisahihishwe, hela nazo huwa zipo ila zinaishia kwenye rangi, kwa sababu kila anapotarajiwa mgeni mkubwa ukuta wa mbele unapakwa upya hadi zile ngazi. Ni ngazi nyeupe kuliko zote mjini.

Sheria sitakusomea, unazo mezani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni Namba 9 ya mwaka 2010. Kabla yake, mwaka 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 inataja makumbusho kwa jina lake. Sensa ya 2022 nayo imetuhesabu: asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na kuendelea. Kwenye kuhesabiwa tunafikiwa hadi mlangoni.

Na si miguu tu. Nina kijana darasani haoni. Yeye ngazi alipanda, akashikwa mkono na mwenzake. Walipotoka nikamuuliza ameonaje. Akasema, "Vioo, mwalimu. Nimegusa vioo vingi." Palikuwa na nakala ya plasta ya nyayo za Laetoli, zile za mababu wa binadamu za miaka milioni 3.6 zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978. Nilimfundisha habari zake muhula mzima, akitamani aweke kidole penye kisigino. Akaambiwa usiguse. Ndugu Mkurugenzi, nyayo zenyewe zimefukiwa kule Laetoli ili zisiharibike. Hiyo ni plasta! Ikimeguka, fundi anamwaga nyingine. Hata maelezo ya nukta nundu hakuna, hata kipande kimoja, wala mtu wa lugha ya alama. Choo chenye alama ya kiti mwendo kipo, nakiri; kimefungwa kwa kufuli, ndani mna mafagio na hayo makopo ya rangi.

Naona barua inarefuka na nilikusudia jambo moja. Nukta nundu zisubiri. Choo kisubiri, nitaacha kunywa chai asubuhi ya safari kama ninavyofanya siku zote. Nijengee mteremko. Mlango wa mbele, si ule wa nyuma wa kupitishia masinia ya pilau. Mteremko tu.

Kidato cha pili nitawaleta muhula ujao, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne. Kama fungu litakuwa bado halijatoka, basi naomba unitafutie namba ya simu ya yule mwenye muziki. Nitamkodi mwenyewe, na nikishapita ataweza kuchukua mbao zake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, aliyebaki nje