Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar: ombi la naitrojeni kwa masomo ya fizikia

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Nasomesha fizikia Kidato cha Sita hapa Chake Chake, na naomba jambo moja: naitrojeni ya kimiminika (gesi iliyopozwa mno hadi ikawa kama maji) kwa siku chache kila mwaka, pamoja na vipande vya kauri ya superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila ya ukinzani wowote, kwa skuli za Unguja na Pemba.

Wanafunzi wangu wanajua kwamba mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme ukatoweka. Na kwamba mwaka 1962 Brian Josephson, kijana wa miaka 22, alionesha kwa hesabu kuwa mkondo unaweza kuvuka kizuizi chembamba baina ya superkondakta mbili bila ya volti yoyote.

Superkondakta mbili zenye kizuizi hicho kati yao huitwa kiungo. Viungo hivyo vikipangwa kwa wingi, nawafananishia na jarife: kila fundo ni kiungo, kila jicho ni kitanzi cha mkondo. Wavu huo ukipozwa ndani ya uga (eneo la nguvu) dhaifu wa sumaku, mtu angetaraji uusukume uga nje, kama ifanyavyo superkondakta ya kipande kimoja. Lakini viungo vikiwa imara vya kutosha, kila jicho hushika mafungu kamili ya fluksi ya sumaku, yaani wingi wa uga unaopita ndani yake, bila ya nusu wala robo. Jicho lililopata zaidi ya nusu ya fungu hujizungushia mkondo wa kujaza kilichopungua, na wavu mzima unaweza kuuvuta uga badala ya kuusukuma. Hapo mikono hunyanyuka darasani, nami sina cha kuwaonesha ila chaki.

Kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, iliyogunduliwa mwaka 1987, huwa superkondakta karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, na naitrojeni, ileile inayohifadhia mbegu za ng'ombe kwa uhimilishaji, huchemka nyuzi 196 chini ya sifuri. Chembe za kauri hiyo, zilizoshikana kwa udhaifu, ni wavu tayari. Kwa koili mbili za waya wa shaba, mwanafunzi ataona viungo baina ya chembe vikiachia, yaani vikipoteza hali ya superkondakta, kwanza kauri inapopata joto, kisha chembe zenyewe. Akizidisha uga, viungo vitaachia mapema zaidi.

Naomba walimu tufunzwe kwanza Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu, hasa usalama: mtungi usizibwe kwa kubana, na madirisha yawe wazi. Kisha mtungi uvuke bahari uje Pemba.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Chake Chake