Yah: Malalamiko kuhusu safari ya siku moja ya matumbawe na helikopta, Cairns

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenu, kwa ajili yangu na shangazi yangu, safari ya siku moja kwenda Great Barrier Reef kutokea Cairns, Australia: tuende kwa boti, tuogelee kwenye matumbawe kwa miwani na mrija, kisha turudi mjini kwa helikopta. Helikopta hiyo sikuipanda. Nilipoomba nirudishiwe fedha yangu, ofisi yenu ilinijibu kwa mstari mmoja: "Abiria hakuruka kwa sababu za kiafya, hivyo hakuna marejesho." Ndugu Meneja, mimi ni mzima wa afya, na nilikuwa mzima siku ile. Kilichonizuia kuruka ni bidhaa nyingine mliyoniuzia ninyi wenyewe.

Nieleze ilivyokuwa. Safari ikiwa imeshalipiwa, ofisa wenu wa mauzo alinipigia simu akinishawishi niongeze mbizi ya mtungi kwa wanaoanza. Alisema ukifika mpaka kule bila kushuka chini ni hasara, kwamba cheti hakihitajiki kwa kuwa mkufunzi anakushika mkono muda wote, na kwamba nafasi zilikuwa zimebaki chache. Shangazi alikataa papo hapo. Mimi nikakubali, nikalipa, na jioni ile ile nikatumiwa ratiba mpya. Nimeiambatanisha, lakini naiandika na hapa ili isomwe bila kutafutwa: boti kuondoka saa 2:30 asubuhi, kufika kwenye jukwaa linaloelea saa 4:30, mbizi ya mtungi saa 5:00, chakula saa 7:00, helikopta ya kurudi Cairns saa 8:30 mchana. Juu kabisa kuna nembo yenu, na pembeni kuna jina langu.

Mambo yalikwenda vizuri hadi baada ya chakula. Bahari ilikuwa imetulia, wahudumu walikuwa wachangamfu, na kila mtu alivalishwa vazi jembamba la kubana mwili mzima kwa ajili ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaochoma, maana kati ya Novemba na Mei maji ya kaskazini mwa jimbo la Queensland huwa na aina ambazo mchomo wake unaweza kukupeleka hospitali. Nilipiga mbizi, nikafurahi. Sidai chochote kuhusu mbizi yenyewe.

Tulipoitwa kwenye kaunta ya helikopta, binti mmoja mwenye orodha mkononi aliuliza nani kati yetu amepiga mbizi ya mtungi leo. Niliinua mkono kwa bashasha, nikidhani ni jambo la kupongezwa. Akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu hapo hapo, mbele ya macho yangu, ndipo akaanza kunieleza. Kwa taratibu zao, aliyevuta hewa ya mtungi haruki siku hiyo. Nikamwonyesha ratiba yenu kwenye simu. Aliisoma mara mbili, akamwita mwenzake naye akaisoma, wakatazamana. Yule mwenzake akaniuliza kwa upole kama nina hakika aliyeiandika anafanya kazi ya utalii.

Binti yule sina ugomvi naye. Alifanya kazi yake, na huenda alininusuru. Ukiwa mita 10 chini ya maji, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na nitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta huyeyuka mwilini kwa wingi kuliko kawaida. Inatakiwa itoke polepole. Ukipanda angani mapema, ambako shinikizo hupungua, inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, na hapo ndipo mtu huumia vibaya. Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, linashauri mtu asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza shinikizo (yaani kusimama kwa muda njiani unapopanda juu), na angalau saa 18 akipiga mbizi zaidi ya moja. Ratiba yenu ilinipa muda usiofika saa nne. Najua mtaniambia helikopta za utalii huruka chini, na ushauri ule uliandikwa kwa ajili ya miinuko ya juu zaidi. Sawa. Lakini mwenye helikopta ana haki ya kuweka sheria kali kuliko hiyo, ameiweka, na ninyi mnaouza viti vyake mnapaswa kuijua. Wala si siri ya wataalamu: mkufunzi aliniambia ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa mbizi.

Kuogelea kwa mrija hakuna tatizo hilo, kwa kuwa unavuta hewa ile ile ya juu ya maji. Ndiyo maana matumbawe na helikopta huuzwa pamoja siku moja bila shida. Mngeniacha na safari niliyoinunua mwanzoni, ningeruka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi. Wahudumu wa pale waliniambia wageni wanaotaka mbizi na helikopta hupangiwa kinyume: asubuhi wanakwenda kwa helikopta, wanapiga mbizi, jioni wanarudi kwa boti. Safari ni ile ile. Kilichotakiwa ni mtu wa ofisini kwenu kugeuza mistari miwili kabla ya kubonyeza "tuma".

Na msiseme hamkuwa na taarifa zangu. Fomu yenu iliuliza uzito wetu kwa kilo, na nilijaza bila kinyongo kwa sababu najua viti vya helikopta hupangwa kwa uzito. Iliuliza kama tunavaa miwani, kama tuna mzio, hata jina la mtu wa kupigiwa simu tukipata matatizo. Haikuuliza kama kuna atakayepiga mbizi kabla ya kuruka. Hamkuwa na haja ya kuuliza. Risiti ya mbizi mliikata wenyewe.

Sasa nije kwa shangazi, maana kwa upande wangu ni fedha, ila kwake mliniweka roho juu.

Shangazi amevuka miaka 60. Kule Queensland waogeleaji wa umri huo huangaliwa kwa karibu zaidi, kwa hiyo alipewa kizibao cha rangi tofauti na boya refu la sponji la kushikilia, na mlinzi juu ya jukwaa hakumwondolea macho. Hilo lilifanyika vizuri, na nawapongeza waliolifanya. Lakini shangazi anaongea Kiingereza cha salamu tu. Nilimweleza ofisa wenu jambo hilo tangu siku ya kwanza, na jibu lake lipo kwenye WhatsApp: "Msijali, mtakuwa wote mwanzo hadi mwisho, na mwakilishi wetu atawapokea mkitua." Lilipokatwa jina langu, ilibidi tuamue kwa dakika chache ama aende peke yake, ama tupoteze viti vyote viwili. Akasema ataenda. Akavishwa boya la kiunoni, akapandishwa kwenye kiboti kinachopeleka abiria kwenye kituo kidogo cha kutulia helikopta, hatua chache kutoka pale tulipokuwa, akaketishwa mbele kando ya rubani. Alinipungia mkono. Simu yake ilikuwa inategemea intaneti ya simu yangu, kwa hiyo tangu helikopta iliponyanyuka sikuwa na njia ya kumpata.

Boti ya kurudi huchukua karibu saa mbili. Muda wote huo nilikuwa sijui kama kuna aliyempokea. Hakukuwa na mtu. Mwakilishi wenu hakuonekana, wala jina letu halikuwa kwenye kibao chochote. Wafanyakazi wa kituo cha helikopta, ambao hawana deni lolote kwetu, walimpa kiti na maji na kumwachia feni, na nilipofika nilimkuta ameketi na mkoba wake magotini, amevaa viatu vya mtu mwingine kwa sababu vyake vilibaki kwangu botini. Alicheka. Mimi sikucheka. Angepata kizunguzungu mle, nani angejua anasema nini?

Leo hii nyumbani anayesimulia habari za helikopta ni yeye. Anaeleza jinsi miamba inavyoonekana kutoka juu, zile duara za kijani katikati ya maji ya buluu iliyokolea, na kivuli cha helikopta kikikimbia juu ya mchanga. Wakiniuliza mimi, ananijibia: "Huyu walimwacha na samaki."

Kuna jambo la pili, dogo kwa fedha ila si dogo kwa uaminifu. Ukurasa wa mbele wa kipeperushi chenu una picha ya tumbawe lenye umbo la moyo, na chini yake maneno "Utakachokiona kutoka angani." Tumbawe hilo linajulikana, linaitwa Heart Reef, liko kwenye mwamba wa Hardy, upande wa visiwa vya Whitsunday, zaidi ya kilomita 400 kusini mashariki mwa Cairns. Hakuna helikopta ya dakika chache inayotoka jukwaani kwenda Cairns itakayolipitia. Great Barrier Reef ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,300 na miamba karibu 3,000, na upande wa Cairns una ya kwake mizuri ya kutosha, pamoja na visiwa vya mchanga mweupe. Mngepiga picha hiyo. Shangazi alimwonyesha rubani kipeperushi akiwa hewani, akigonga ule moyo kwa kidole, na rubani akatikisa kichwa akaelekeza mkono mbali kabisa kusini.

Nisieleweke kwamba nalalamikia kila kitu. Rangi za matumbawe hazikuwa kali kama za kipeperushi, na hilo siwalaumu. Chini ya maji rangi nyekundu ndiyo hupotea kwanza, picha hupigwa kwa taa, na tena miamba ile imepauka kwa joto la bahari mara kadhaa, ikiwemo 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Hayo yako nje ya uwezo wenu. Kuandika ratiba kuko ndani ya uwezo wenu.

Kuhusu kifungu chenu cha "hakuna marejesho", Sheria ya Watumiaji ya Australia, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2011 na ambayo safari ile ilifanyika chini yake, inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na inakataza kumpotosha mteja. Tangazo la kampuni haliwezi kumnyang'anya mteja haki hizo. Kwamba ninyi ni wakala na helikopta ni ya mwingine, hilo mmalizane wenyewe. Mwenye helikopta aliniambia kiti changu kilikuwa tayari na kilikwenda kitupu kwa sababu ya ratiba iliyotoka kwenu. Ameniandikia hivyo kwa barua pepe, nayo nimeiambatanisha.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe fedha yote ya kiti changu cha helikopta, kiasi kilichoandikwa kwenye risiti, kwa njia ile ile niliyolipia, si kwa vocha ya safari ijayo. Maneno "sababu za kiafya" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu na niandikiwe barua inayosema ukweli, kwa kuwa kampuni ya bima yangu ya safari imeshaanza kuniuliza ugonjwa gani niliuficha. Shangazi aombwe radhi kwa simu, kwa Kiswahili, na mtu mwenye cheo, kwa ahadi ya mapokezi ambayo haikutimizwa. Namba yake mnayo. Na picha ile ya moyo iondolewe kwenye safari za Cairns.

Ningependa pia kujua ni wateja wangapi wengine walio na ratiba kama yangu hivi sasa. Kama yupo anayesafiri wiki hii akiwa na mbizi saa 5:00 na helikopta saa 8:30, mpigieni leo, kabla hata hamjanijibu mimi. Si kila kaunta itakuwa na binti makini, na si kila mgeni atakumbuka kuinua mkono.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka pingamizi la malipo ya kadi benki, ambako nimeshaulizia utaratibu na nimeambiwa ratiba yenu pamoja na barua ya mwenye helikopta vinatosha kufungua shauri, na nakala ya malalamiko nitaituma kwa mamlaka ya haki za wateja ya Queensland.

Nimeambatanisha ratiba, risiti zote mbili, ujumbe wa WhatsApp wa ofisa wenu, barua pepe ya mwenye helikopta na ukurasa wa mbele wa kipeperushi. Nijibuni kwa maandishi. Simu za kubembelezana sitapokea.

Wenu,

Mteja mwenye namba ya uhifadhi iliyoandikwa kwenye risiti