Kupaliliana si kulipana

Mhariri,

Siku hizi "nipe nikupe" imekuwa lugha ya rushwa, na kadi za michango ya harusi hapa Dodoma zinafika zikiwa na kiwango cha singo na cha dabo. Yote mawili yanachanganya mambo ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenga.

Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile. Ukikopa debe la mtama, unarudisha debe jingine, maana la kwanza limeshaliwa. Lakini watu wakipaliliana, hicho kiambishi -ana cha kutendeana hakitaji mdai wala mdaiwa, na hakuna anayejua hesabu itafungwa lini. Ikifungwa, ujirani nao umefungwa.

Wataalamu wameliona hili mbali na hapa. Mwaka 1922 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza mzunguko wa zawadi uitwao "kula" (si kula chakula) wa Visiwa vya Trobriand, kwenye Bahari ya Pasifiki: mikufu ya kome inazunguka visiwa kwa mwelekeo wa saa, vikuku kinyume chake, na zawadi ya kurudisha huweza kuchelewa sana. Kwa biashara ya papo kwa papo wenyeji wa visiwa hivyo wana neno jingine, gimwali. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss akataja wajibu tatu: kutoa, kupokea, kurudisha. Huo wa kati ndio tunaousahau. Anayekataa kupokea amekataa undugu.

Palizi ya huku kwetu inaonyesha vizuri. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na magugu huubana mtama ukiwa bado mchanga, wiki ya pili au ya tatu. Kaya 10 zikizungukiana, siku moja kila shamba, wa mwisho hupaliliwa siku ya 10, magugu yakiwa yameshatangulia. Ndiyo maana palizi ya pili ianze kwake na zamu igeuzwe. Hesabu iwe ya siku na watu, si ya ekari. Ukipima ekari, mwenye shamba dogo anaona anaibiwa na kikundi kinavunjika kabla ya mavuno. Aliyeugua hatozwi faini papo hapo: anaweza kumtuma kijana wake, au akaja siku ya kupura. (Pombe ya mwenye shamba si mshahara. Asiyekunywa naye alime.)

Upatu ni kitu kingine. Pale kiasi ni sawa na tarehe inajulikana, kwa hiyo masharti makali yanafaa: anayepokea wa kwanza ana nafasi kubwa ya kutoroka, basi zamu za mwanzo wapewe wanaofahamika.

Kosa la kamati za harusi ni kuchukua masharti ya upatu na kuyabandika kwenye shughuli ya kusaidiana. Daftari la michango libaki, maana familia hulifungua mwaliko wa upande wa pili ukifika. Ila liandike pia aliyeleta kuni, aliyechota maji na aliyekesha jikoni, na kiwango cha chini kiondolewe kwenye kadi.

Msomaji, Dodoma