Kikao cha Alhamisi kimehamia Jumamosi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa!

Kwa kuwa Alhamisi kwaya ina mazoezi, tutakutana Jumamosi saa 10:00 jioni nyumbani kwa Mama Mwenyekiti. Saa kumi ni saa kumi, jamani.

Somo ni Warumi 8:14-17 na 31-39. Tusome kabla ya kuja. Angalieni Paulo anavyotaja dhiki, njaa na upanga. Hasemi havitatupata, anasema havitatutenga na upendo wa Mungu. Na aliyaandika hayo akiwa ameshapigwa na kufungwa, si mtu wa kubahatisha. Mstari wa 15 ndio ningependa tuukalie: tumepokea roho ya wana, si ya utumwa wa kuogopa tena. Wengi wetu bado tunasali kama vibarua wanaohofia kufukuzwa kazi. Kila mmoja atafakari jambo moja ambalo hofu ya watu imemzuia kulifanya. Kulisema mbele ya wote si lazima.

Mengineyo:
1. Mchango wa chai ni sh. 2,000, umfikie Mhazini kabla ya Ijumaa jioni. Uliyekwama, njoo tu.
2. Vijana wataongoza nyimbo na kuleta mikeka.
3. Tutapita kumwombea mgonjwa wetu tukimaliza.

Naomba kila mmoja ajibu hapa "Nipo" au "Sitafika" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, Mama ajue apike chai ya wangapi. Kidole gumba hakihesabiki.

Katibu