Mtoto kataka kupika data mbele ya friza yangu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako. Mi sio mwalimu wala mwanasayansi, nauza barafu za ubuyu na za maziwa hapa mtaani Dar na nina binti yupo fomu wani.

Juzi juzi nimemkuta anazunguka sebuleni na daftari anakariri hatua za uchunguzi wa kisayansi, tambua tatizo, buni haipothesisi, fanya jaribio, kusanya data, chambua, toa hitimisho, anaziimba kwa Kiingereza kama shairi na ukimkatiza anaanza upya kule juu. Nikamuuliza haipothesisi ndo nini, akanijibu ni hatua ya pili, wala hajasema kuwa ni kisio la jibu unalokwenda kulipima. Nikacheka, afu nikanyamaza.

Nikamwambia basi friza hii hapa, tupime kitu. Akachagua maji ya moto na maji ya baridi, yapi yanawahi kuganda, kwa sababu ticha wao aliwagusia kisa cha Mpemba. Kwa wasiokijua, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa fomu thrii pale Magamba sekondari mwaka 1963, wanafunzi walikuwa wanachemsha maziwa, wanaweka sukari, wanasubiri yapoe ndo wanaweka kwenye friji watengeneze aisikrimu. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa, mwenzake kaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, Mpemba naye kuona atakosa nafasi akaweka yake yakiwa bado ya moto, na yake ndo yakaganda kwanza. Kumuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa wewe. Akaenda sekondari ya Mkwawa Iringa akauliza tena, kule ndo akachekwa kabisa, ikaitwa fizikia ya Mpemba, sio ya dunia nzima. Mpaka alipokuja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuongea na wanafunzi, kijana akauliza tena mbele ya watu, na yule mzee badala ya kucheka akaenda kupima. Kwenye vipimo vyao maji ya digrii 25 ndo yalichelewa kuliko yote, yale ya digrii 90 yakawahi, wakaandika pamoja ikatoka 1969.

Sasa sisi. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja ya birika kimoja ya bombani, tunachungulia kila dakika kumi (na kila akifungua barafu zangu ndo zinalegea, lakini nikavumilia). Ya bomba ndo yakaanza kushika utando juu, kile cha moto bado maji matupu. Nachungulia daftarini naona kaandika maji ya moto yamewahi! Nikamuuliza mbona umeandika hivyo na macho yako yameona, akasema "mama, si ndo jibu lenyewe."

Mhariri, niliishiwa nguvu. Kaka yake aliyemaliza fomu foo akasema mbona kawaida, kwenye praktiko ya pendulamu, kile kitu kinachobembea cha kupimia mvutano wa dunia, unajua jibu linatakiwa lije 9.8 kwa hiyo unaanzia kwenye jibu unarudi nyuma kupanga namba zako, na jina wanalo, kupika data. Yaani kisa cha kijana aliyekataa kudanganywa na kitabu kimegeuka kuwa kitabu kingine cha kukopia. Na hao wataalamu wenyewe mpaka leo wanabishana, mwaka 2016 kuna watafiti Uingereza walirudia kwa makini hawakuyaona hayo ya Mpemba, wakasema hata kipimajoto kikikaa juu kidogo au chini kidogo kwenye chombo unaweza kupata jibu la uongo. Kwa hiyo binti yangu alichokiona hakikuwa kosa.

Nikamfutisha akaandika alichoona. Akakaa kimya kidogo afu akauliza, au ni kwa sababu kile kikombe cha baridi nilikibandika kwenye ile theluji ya pembeni? Hiyo ndo haipothesisi mwanangu, nikamwambia, na hakuikariri popote.

Walimu msinielewe vibaya, najua darasa limejaa, silabasi haiishi na maabara nyingine ni jina tu mlangoni. Ila kikombe na maji havina bajeti. Naomba hata kipindi kimoja kwa muhula watoto wapime kitu ambacho mwalimu mwenyewe hajui jibu lake, na maksi apewe aliyeandika alichokiona hata kama hakifanani na cha kitabu, na yule ambaye namba zake zimenyooka mno kila mara aitwe aulizwe vizuri. Na mtoto akiuliza swali la ajabu asichekwe jamani, mwambieni kapime uniletee.

Raundi ya pili tuliweka vipande vya trei ya mayai chini ya vikombe vyote viwili visiguse theluji, umeme ukakatika katikati. Akataka kuchana ukurasa, nikamkatalia, kaandika umeme umekatika saa moja na dakika ishirini, jaribio limeharibika. Jumamosi tunarudia, nikishauza barafu zilizobaki.

Mama muuza barafu,
Dar es Salaam