Wakigawana zawadi, watuambie kabla ya karata ya mwisho

Mhariri,

Sijawahi kuliandikia gazeti hili, ingawa nimelisoma tangu nikiwa msichana. Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu wachezaji wa poka, ule mchezo wa karata wa kamari, wanaopatana kugawana zawadi kabla mchezo haujaisha, yamenishinda kuvumilia. Mwandishi wenu amemaliza kwa kusema kwamba wawili wakipatana, "hakuna aliyeibiwa". Nilikuwa mgawa karata katika kasino moja hapa Nairobi hadi nilipostaafu, na walioibiwa ninawajua kwa sura.

Tuelewane kwanza. Mapatano yenyewe sina ugomvi nayo. Meza ikibaki na watu wawili, dau za lazima, zile ambazo wachezaji huweka kwa zamu kabla ya kuona karata, zimeshapanda mno, na tofauti ya zawadi ya kwanza na ya pili inaweza kununua shamba, ilhali karata moja tu ndiyo inayoamua. Anayetaka kuipunguza hatari hiyo ana haki. Huko Ulaya, kwenye mfululizo wa mashindano uitwao European Poker Tour, jambo hili hufanywa mchana kweupe: mchezo unasimamishwa, mkurugenzi wa mashindano anapiga hesabu kwa kufuata chipu za kila mmoja, yaani vile vidude vya duara wanavyochezea badala ya pesa, takwimu zinasomwa, wachezaji wanakubali au wanakataa, na kwa kawaida sehemu ya fedha inaachwa mezani ili iendelee kugombewa. Aliye nyumbani anajua anachokitazama.

Lakini mwandishi wenu amechanganya hayo na mapatano ya kunong'onezana, kisha akayapita mambo ya Las Vegas ya Juni 2025 kana kwamba ni umbea. Lile shindano la Millionaire Maker, mojawapo ya mashindano ya World Series of Poker ambayo bingwa wake huvishwa bangili, lilikuwa na kiingilio cha dola 1,500, na viingilio vilivyolipwa vilikaribia 12,000. Mwishoni walibaki James Carroll na Jesse Yaginuma. Yaginuma alikuwa na ahadi ya dola milioni 1 kutoka kampuni nyingine ya poka iwapo angetwaa bangili ya ubingwa. Carroll hakuwa na ahadi kama hiyo. Carroll aliongoza kwa chipu nyingi sana, kisha akaporomoka, na waliokuwa wakitazama wakaanza kuuliza kwa nini karata zinachezwa vile, na kama Carroll anamwachia mwenzake ashinde ili wagawane ile milioni. Waandaaji walichunguza, wakakataa kumtawaza yeyote. Bangili haikutolewa, na fedha za nafasi mbili za juu zikagawanywa nusu kwa nusu. Maelfu ya watu walilipa kugombea ubingwa ambao haukupata bingwa, na wao pia tuambiwe hawakupoteza kitu?

Mwaka 2003, katika shindano kuu la hiyo hiyo World Series of Poker, Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, alimpendekezea mpinzani wake wa mwisho, Sam Farha, wagawane kabla hawajaanza kucheza ana kwa ana. Farha alikataa. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola milioni 2.5, ya pili milioni 1.3. Kisha Moneymaker akasukuma chipu zake zote katikati, mkononi hana hata jozi, na Farha mwenye jozi ya tisa akafikiri, akafikiri, akazitupa karata zake. Watu wanaitazama picha hiyo mpaka leo kwa sababu hofu iliyokuwa usoni mwa Farha ilikuwa ya kweli. Wangekuwa wamegawana kimyakimya, ingekuwa maigizo.

Maigizo hayo mimi nimeyagawia karata kwa mikono yangu. Yalikuwa mashindano yaliyorushwa na stesheni moja ya hapa nchini. Wawili wa mwisho waliomba mapumziko, wakatoka pamoja kwenda kuvuta sigara, na waliporudi mmoja wao akawa anasukuma chipu zake zote bila kufunua hata kona ya karata. Mtangazaji anapiga kelele kwamba kijana ana moyo wa simba. Mimi nimekaa umbali wa mkono mmoja, naona kijana hatoi jasho, anaangalia simu. Alipotolewa, wakakumbatiana kama watu waliotoka harusini. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo "hakuna aliyeibiwa" inaponichoma. Kiingilio cha kijana yule kilikuwa kimechangwa, kwa sehemu, na bawabu wa lango la nyuma na mama mmoja wa jikoni, kwa ahadi ya asilimia 20 ya atakachopata. Zawadi ya kwanza ilitangazwa shilingi 400,000, ya pili 150,000. Usiku ule ule, kwenye maegesho, niliwaona wale wawili wakihesabu noti juu ya boneti ya gari, kila mmoja akiondoka na 275,000. Asubuhi bawabu na mama wakapewa 30,000 wagawane, asilimia 20 ya "nafasi ya pili", badala ya 55,000. Wakashukuru! Yule mama alimwombea kijana baraka mbele yangu. Nilipokwenda kwa msimamizi wangu, akanijibu, "Mama, kazi yako ni kugawa karata." Niliwaambia bawabu na mama wenyewe, na kijana akakana kwa kiapo. Karatasi haikuwepo, na kamera iliyoonyesha kila kitu haikuonyesha hicho.

Na ninyi magazeti mnasaidia kuuficha uongo huu. Kila mtu akishinda, mnaandika kiasi cha zawadi kwa herufi kubwa kana kwamba chote kimeingia mfukoni mwake. Hamuulizi aliuza hisa ngapi za ushindi wake, amekatwa kodi kiasi gani, ana madeni ya viingilio vingapi alivyopoteza kabla ya siku hiyo. Mpwa wangu alikata kichwa cha habari cha namna hiyo akakibandika ukutani, akaanza kukopa kwa simu ili acheze. Dada yangu ndiye anayelipa.

Ninachotaka kinaweza kuanza mwezi ujao. Stesheni yoyote inayorusha poka iweke ubao mezani. Wachezaji wakitaka kupatana, mchezo usimame, mwamuzi mkuu aandike takwimu kwa kalamu nene, kila mchezaji aseme "nimekubali" kwenye maikrofoni, na asilimia 15 ya fedha zilizobaki iachwe ya kugombewa. Mgawo mpya ukae kwenye kona ya skrini mpaka karata ya mwisho. Mwenye ahadi ya pesa kutoka nje aitangaze siku ya kujiandikisha. Waliomchangia mchezaji waandikwe majina na wapewe nakala ya mapatano, wenye kusoma na wasiojua kusoma. Nanyi, mkiripoti mshindi, chapeni takwimu mbili, zawadi iliyotangazwa na aliyoondoka nayo. Akikataa kuwapa ya pili, andikeni kwamba amekataa.

Mgawa karata mstaafu,
Nairobi